Talki haiwahishi resini kukauka
Wapo wanaosema ukitia talki, ile poda nyeupe laini, kwenye resini, ile gundi ya majimaji ya kuzibia faiba, inawahi kukauka. Siyo kweli yakhe, talki nyingi inaifanya resini nzito tu, na nzito si kukauka. Resini ya poliesta inaganda kwa hadina, yaani ile dawa ya kugandishia, inajipandisha moto yenyewe ndo inakaza, sasa ukishajaza poda ile poda inalila lile joto na resini yenyewe mule koponi imepungua, kwa hivo mara nyingi inachelewa kidogo, ila faida yake haisinyai wala haipasuki kama resini tupu ukiimwaga nene. Sie huku Nungwi, Unguja, tunaziba boti za faiba, poda inatangulia, unakoroga mpaka ukinyanyua kijiti haichururiki, hadina mwisho kabisa, asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini peke yake, usihesabu na poda, hapo ndo wengi wanapozidisha halafu kopo linafuka moshi. Na mchana wa kaskazi ikishaanza kuvutavuta itupe tu, ukiilazimisha haishiki na inaacha vishimo. Ipoksi, ile resini ya aina nyengine, usiifanyie hivi, ile fata vipimo vilivyoandikwa koponi, ukizidisha hadina haiwahi, inabaki laini tu.