Sponji ya chujio la hewa kwenye pikipiki ya zamani, Yamaha DT 175
Kaka, unasema umeshauriwa kuosha sponji ya chujio kwa petroli. Usifanye hivyo: petroli inalegeza gundi ya maungio, na mvuke wake ni hatari. Tumia mafuta ya taa, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ikamue kwa kuibana viganjani, usiisokote, itachanika. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa.

Sasa oili, wengi ndipo wanapokosea. Wanairudisha sponji ikiwa kavu, na vumbi la huku Chanika, Dar, linapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Imiminie oili ya chujio, ukiikosa hata ya gia, uibinye hadi rangi ienee sponji nzima bila kudondosha. Ukingoni paka grisi. Ikimeguka vidoleni, imezeeka hiyo, katafute nyingine Kariakoo.