Pikipiki haina kadi ya usajili, unafanyaje?
Kaka hiyo pikipiki uliyonunua bila kadi usiiguse kwanza, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu uende nayo polisi waangalie kama imeripotiwa kuibwa, maana ikiwa ya wizi hata uwe na risiti inarudi kwa mwenyewe na hela yako ndo imeenda. Ikiwa safi msake aliyekuuzia, tena kama jina kwenye rejista si lake akupeleke kwa mwenye jina, huyo ndo wa kuomba kadi mpya kwamba ya zamani imepotea halafu akuhamishie. Kama huyo mwenye jina kafariki, wa kuomba ni msimamizi wa mirathi yake. Mkataba na kiapo mbele ya wakili vinasaidia ila vyenyewe tu havikupi umiliki. Na vishoka wa "kesho nakutolea kadi" wakimbie.