Kamera ya mtumba, lenzi moja na mlango wa bibi

Kazi yangu ya kwanza na kamera ya kubadilisha lenzi ilikuwa sendofu ya binamu yangu. Nilipiga picha kama 300. Za kuonyesha watu hazikufika 10. Mama mdogo aliomba aone kwenye simu, akavuta moja kwa vidole viwili, akaivuta tena, kisha akanitazama: "Mwanangu, mbona humu tumekuwa mizuka?"

Lawama zote nikaitupia kamera. Ilikuwa Canon 1100D, toleo la mwaka 2011, niliyoinunua ya mtumba kwa shilingi 380,000 pamoja na lenzi yake ndogo ya kuvuta, ya 18-55mm. Nikaanza kupiga hesabu za kuiuza ninunue kubwa. Aliyeniokoa ni jirani yetu anayepiga picha za pasipoti. Hakuniuliza kamera gani. Aliomba tu nimfungulie taarifa za picha moja, ile ya kukata keki, akazisoma: shata (pazia la ndani linalofunguka kuingiza mwanga) sekunde 1/15, tundu la lenzi f/5.6. Akacheka. "Kwa moja ya kumi na tano hata mbuyu ungetikisika."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea ukumbini. Lenzi zile ndogo zinazokuja na kamera, ukizivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Namba hizi zinachanganya kila anayeanza, maana zinakwenda kinyumenyume: namba ikishuka, tundu linapanuka. Lenzi ya 50mm f/1.8, ile isiyovuta, inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ile yangu ilipokuwa imevutwa. Maana yake, ukumbi uleule, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ileile, badala ya shata kukaa wazi sekunde 1/15 ingekaa kama 1/150, na binamu yangu angekata keki akiwa na mikono miwili, si minne. Njia nyingine ni kupandisha ISO, na ipandishe bila woga, picha yenye chengachenga ni bora kuliko picha iliyotikisika. Ila kwa kamera ya zamani, ukifika 3200 chengachenga zinaanza kula sura za watu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini kwa kuanzia, namwambia: mwili wa kamera wa bei nafuu kadiri utakavyopata mzima, na pesa inayobaki weka kwenye lenzi moja yenye tundu kubwa. 50mm f/1.8 ya Canon ni kati ya zile rahisi zaidi, na toleo lililotoka mwaka 2015, lililoandikwa STM, ni imara kuliko lile la zamani la plastiki tupu. Yangu niliipata ya mtumba kwa 220,000. Megapikseli zisikusumbue. 1100D ina 12 tu, na inatoa picha ya ukubwa wa A4 ambayo hutaikosoa.

Wanunuzi wa Nikon kuna mtego hapa, na nimeona watu watatu wakinasa. Kamera zao ndogo, kama D3100, D3200 na D5100, hazina ndani mota ya fokasi, ile ya kuilenga lenzi picha itoke kali. Lenzi ya 50mm iliyoandikwa AF yenye herufi D mwishoni inaingia vizuri, inapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono hadi uchoke. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake yenyewe. Muuzaji atakwambia "inaingia hiyo, bosi," na kweli inaingia.

Kabla hujatoa pesa, kagua. Lenzi yangu ya pili niliinunua duka moja Kariakoo bila kuikagua, kwa sababu muuzaji alikuwa mcheshi na jua lilikuwa kali. Nyumbani ndipo nilipoimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, nikaona nyuzi nyeupe nyembamba ndani ya kioo, zimetawanyika kama mizizi ya nyasi. Fangasi. Fundi alinitajia bei ya kuisafisha iliyokaribia bei niliyonunulia. Siku hizi naimulika palepale kaunta, muuzaji anune asinune. Halafu naweka tundu dogo, f/16 au f/22, napiga picha ya anga tupu au ukuta mweupe: vumbi lililo kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, linajitokeza kama madoa meusi. Kwa Nikon kuna faida moja, kila picha inabeba ndani yake idadi ya mara ambazo shata imepigwa, na zipo tovuti za kukusomea ukizipa picha. Canon nyingi zinaficha, kwa hiyo angalia mpira wa mshikio na kitufe cha shata vimechakaa kiasi gani.

Sisi wa Pwani fangasi tunaishi nao. Unyevu na giza la begi ndicho chakula chao. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani nimejaza vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya na mikoba. Mchele wanaousifia watu siupendi, una vumbi.

Sasa ukishapata hiyo 50mm, wiki ya kwanza utaichukia. Haivuti. Kwenye kamera hizi ndogo inaona kwa ufinyu kama 80mm, na kwenye sebule zetu utarudi nyuma hadi mgongo ugonge kabati na bado miguu ya mgeni imekatika. (Kama picha zako nyingi ni za ndani, fikiria 35mm, inaona kwa upana zaidi.) Lakini kwa sababu haivuti, unatembea, na ukitembea unaanza kuona vitu ambavyo mtu aliyesimama sehemu moja akizungusha lenzi havioni. Nilijiwekea mwezi mzima wa lenzi hiyo peke yake. Asubuhi nilikuwa nakwenda Feri, soko la samaki, kwanza naongea na watu, naomba ruhusa, kisha napiga. Wengi wanakubali ukiwaahidi kuwatumia picha, ila utume kweli, maana kesho utarudi palepale.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, sikulipatia Feri. Nilikuwa Bagamoyo kwa bibi, saa saba mchana, jua la utosini, lile linalogeuza macho ya watu kuwa mashimo. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kupiga chochote. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua moja tu ndani ya mlango wa mbele, anachambua mchele kwenye ungo. Mwanga ulikuwa unagonga mchanga wa nje na kuingia ndani ukiwa umepoa. Ulimpiga upande mmoja wa uso, ukashuka kwenye mkono, ukaishia kwenye ungo. Nyuma yake chumba kizima kilikuwa giza. Sikuwasha flashi. Nilichuchumaa kizingitini, f/1.8, shata 1/250, ISO 200.

"Unanipiga hivi hivi na kanga ya jikoni?"

"Hivi hivi bibi, endelea tu."

Tangu siku hiyo, nikifika nyumba yoyote natafuta mlango kwanza. Studio ya kukodi haina mwanga mzuri kuliko mlango wa Uswahilini unaotazama uwanja uliofagiliwa. Mtu akae ndani kidogo, wewe usimame pembeni, usizibe mlango kwa mwili wako. Kama ni lazima upige nje, mvute kivulini, chini ya mwembe au barazani, au subiri saa kumi na moja jioni, na hapo uwe umeshajiandaa, maana jua la huku likianza kuzama halikusubiri uchague lenzi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenifundisha mapema: kamera haijui inachokitazama. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Bi harusi akijaza fremu na shela jeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na sura inazama gizani. Mpige mama aliyevaa buibui jeusi, inafanya kinyume chake, inaongeza mwanga hadi buibui linakuwa rangi ya majivu na uso unaungua. Tiba ni kale kamizani kenye alama za kuongeza na kupunguza. Kwenye 1100D unashikilia kitufe cha Av huku unazungusha gurudumu. Shela, ongeza moja. Buibui, punguza moja. Kisha kuza uso kwenye kioo uhakikishe. Nilipiga harusi mbili kabla ya kujua kitufe hicho ni cha nini.

Na kama bado unaona aibu na kamera yako, Mohamed Amin, aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zikazunguka dunia nzima, alianza akiwa mwanafunzi hapa Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie iliyokwisha tumika. Ile haikuwa hata na fokasi ya kuzungusha.

La mwisho: safisha picha zako kwenye karatasi, hata 2 au 3 kwa mwezi. Simu inadanganya, kwenye kioo kidogo kila picha ni kali. Ile ya bibi niliipenda kwenye simu miezi miwili kabla ya kuipeleka studio nikaitoa kwenye karatasi kubwa. Nilipoiona nilinyong'onyea. Kwa f/1.8, ukiwa karibu vile, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno, na fokasi yangu ilikuwa imeangukia kwenye ungo. Uso wa bibi ulikuwa na ukungu. Ningeweka f/2.8 na kulenga jicho.

Nikampelekea hivyo hivyo, kwa aibu. Aliishika mbali kidogo na macho, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mchele umetoka vizuri," akasema. "Mpaka chuya zinaonekana."