Kundi letu limepokea watu wa kila dini: je, bado ni la Kikristo?

SWALI

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama mkazi wa Chang'ombe, Dodoma, na ninaratibu kundi la watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya ambalo hukutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa kanisa letu. Tulianza tukiwa washarika 7. Sasa tumefika 22, wakiwamo Wakatoliki, Walokole, Waislamu 4, na kijana mmoja aliyetoka kwenye kituo cha matibabu ya uraibu cha Itega, hapa Dodoma, ambaye anasema wazi kwamba haamini chochote. Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa alitutaka tuchague: ama tuondoe neno "Kikristo" kwenye kibao cha mlangoni, ama tuache kuwapokea wasio Wakristo. Ndani ya kundi nako yuko ndugu anayesisitiza kwamba mtu akianguka na kunywa tena, hakuwa ameokoka. Je, sisi ni kundi la Kikristo au la?

Mratibu, Dodoma

JIBU

Amina, mama. Mzee wenu amefunga maswali mawili katika fundo moja: nani anaruhusiwa kuingia, na jina la nani linaitwa mkishaketi. Hospitali ya misheni ya Mvumi, hapo jirani yenu, hutibu watu wa dini zote, na sijasikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo imeacha kuwa ya kanisa.

Tuliangalie jina lenyewe. Neno "Mkristo" limo mara 3 tu katika Agano Jipya lote: Matendo 11:26, Matendo 26:28 na 1 Petro 4:16. Pale linapotokea kwanza, tunaambiwa kwamba wanafunzi "waliitwa" Wakristo huko Antiokia, na ukisoma aya zinazotangulia utaona kwamba katika mji huohuo Injili ilikuwa imeanza kuhubiriwa kwa Wayunani pamoja na Wayahudi, habari zikafika Yerusalemu, na Barnaba akatumwa kwenda kuona. Jina ambalo mzee wenu anahofia litapotelea kwenye mchanganyiko lilizaliwa katika mchanganyiko.

Hata hivyo hofu yake si ya bure, kwa kuwa kundi linaweza kweli kupoteza lilichokianzia. Hatua 12 za kuacha ulevi, ambazo bila shaka mnazitumia, zilichapishwa Marekani mwaka 1939 na Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, vuguvugu la Kikristo lililoanzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Frank Buchman, na ndiyo maana ndani ya hatua hizo mna kukiri makosa, kuwarudia uliowakosea na kusali. Lakini waliamua kumtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", ili mlevi asiye na dini naye apate pa kuingilia. Mwaka 1991 kanisa la Saddleback, California, lilianzisha Celebrate Recovery, ambako Yesu anatajwa waziwazi. Huku kwetu, nyumba za upataji nafuu za Zanzibar zimezitumia hatua zilezile kwa Waislamu. Kwa hiyo hatua 12 peke yake hazilifanyi kundi kuwa la Kikristo. Linakuwa la Kikristo pale wanaoliongoza wanapomkiri Kristo, wanaposali kwa jina lake, na wanapowatendea wageni wake kama alivyowatendea yeye.

Hapo kwenye wageni naomba nisisitize, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa. Mtu aliye katika arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa kilevi, anayetetemeka na asiyelala usiku wa tatu, atakubali lolote utakalomwambia. Ukimwongoza sala ya toba wakati huo na kuandika jina lake kwenye orodha ya waliookoka, umemvizia. Waislamu wenu 4 wajue tangu siku ya kwanza kwamba hapo husaliwa kwa jina la Yesu, kwamba wanaweza kukaa kimya wakati huo, na kwamba hakuna atakayewapima kwa ukimya wao. Kama kikao kinagongana na Magharibi, wapeni nafasi ya kuswali. Kijana wa Itega asilazimishwe kufungua kikao kwa sala, lakini akitaka kusimulia safari yake, asikilizwe mpaka mwisho.

Kuhusu ndugu anayesema aliyeanguka hajaokoka, nasema bila kuzunguka kwamba amekosea. Amegeuza kutokunywa kuwa ndiyo imani yenyewe. Kwa kipimo hicho, Mwislamu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote angekuwa Mkristo kuliko Petro, aliyemkana Bwana mara 3 kabla jogoo hajawika. Madaktari wanauhesabu uraibu kuwa ugonjwa unaoweza kurudi, na anayeugua tena anahitaji kuja Alhamisi inayofuata kuliko mtu mwingine yeyote. Akisikia maneno ya ndugu huyo hatakuja; atajificha kilabuni kwenye wanzuki, nanyi mtasikia habari zake msibani. Zungumza naye faraghani, mama, kwa upole, kwani mara nyingi anayesema hivyo anaogopa anguko lake mwenyewe.

Kibao msikiondoe. Ongezeni mstari mmoja chini yake: "Tunasali kwa jina la Yesu. Kila anayetaka kuacha anakaribishwa." Kisha nenda kwa mzee ukiwa na mchungaji, mkamwombe aje kuketi nanyi Alhamisi moja, ila kabla hajaja waulizeni wanakundi wote 22 kama wanaridhia, kwa sababu yanayosemwa humo ni siri yao, na hata mmoja akikataa, mzee asubiri.