Jibu: Wachangiaji wanatoa mara moja, kisha kimya

Habari mkuu. Umesema wachangiaji wenu wapya wanatoa mara moja halafu hawaonekani tena, hata mkiwaandikia kila mwezi. Kabla ya kubadili chochote, fungua orodha yako uangalie: ujumbe wa kwanza waliopata baada ya kuchangia ulikuwa shukrani au ombi jingine? Kwetu ulikuwa ombi. Aibu tupu.

Sasa tunampigia mchangiaji simu ndani ya siku mbili, hatuombi kitu, tunamwambia tu hela yake imenunua madawati ya darasa lipi. Baadaye picha moja na mistari minne. Ombi linafuata hapo.

Taasisi zinazotoa ruzuku ni habari nyingine: mradi ukikwama, waambie kabla ya tarehe ya kuwapelekea ripoti, sio ndani ya ripoti.