Anza na rejista ya uzazi

Dada, umeuliza utaandikaje mpango wa biashara wa wodi ya wazazi wakati kituo chako ni cha serikali na hakiuzi kitu. Kweli, Uganda ilifuta ada za wagonjwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Ila neno biashara lisikutishe. Unachoonyesha ni fedha utakazopewa zitafanya kazi gani na zitaokoa nini.

Usianze na dira na dhamira. Anza na rejista ya uzazi. Hesabu miezi 12: waliojifungua, waliopewa rufaa, na mafuta ya ambulensi kwa kila safari. Mimi nilipoomba mashine ya oksijeni mara ya kwanza niliandika tu "tunaihitaji sana", nikakataliwa, na iliniuma mno kwa sababu ya wale watoto wachanga waliohitaji oksijeni. Mara ya pili nilipeleka hesabu ya rufaa, bei ya mashine, malipo ya fundi, umeme wa akiba na mafunzo ya wakunga wote, wa zamu ya usiku wakiwemo. Hapo mganga mkuu alinisikiliza. Matengenezo ndiyo wengi wetu tunayasahau, tafadhali yaandike.

Halafu tarehe! Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, kwa hiyo ukipeleka Mei umeshachelewa. Lenga Oktoba au Novemba, bajeti za wilaya zikiwa bado zinapangwa. Na mwonyeshe mhasibu wenu kwanza, akusaidie jedwali la gharama.