Kabla Hujanunua Lenzi ya Zumu

Haipiti wiki bila kijana kuniuliza, "Bro, ninunue zumu gani?" Namjibu kwa maswali yangu: unapiga picha wapi, saa ngapi, na nani anakulipa? Wengi hukunja uso. Walitaka niwatajie namba moja waende nayo Kariakoo.

Nawaelewa, maana na mimi nilianza hivyohivyo. Lenzi ya kwanza niliyoinunua kwa hela yangu ilikuwa zumu ya milimita 70-300, na niliichagua kwa sababu ya ile 300 tu. Kwa akili yangu ya wakati ule, anayevuta mbali zaidi ndiye fundi. Jumamosi iliyofuata nikapata kazi ya sendofu. Taa za ukumbi zikazimwa, MC akapaza sauti, binti akaanza kuingia na wapambe wake wakicheza. Mimi nimejibanza kule nyuma, najisifu moyoni kwamba sura yake imejaa kwenye fremu ingawa niko mbali. Picha zile zilitoka kama zimepigwa ndani ya daladala kwenye barabara ya makorongo. Mama wa binti alizitazama moja moja mpaka mwisho, akanirudishia bila kusema neno. Bora angenitukana.

Kosa langu lilikuwa kusoma nusu ya maandishi ya lenzi. Kuna milimita, zinazokwambia lenzi inaona pana kiasi gani au inavuta kiasi gani. Halafu kuna ile namba ya f, ambayo ni habari ya tundu linalopitisha mwanga, nayo huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Yangu iliandikwa 1:4-5.6. Maana yake ukiwa kwenye 70 tundu linafunguka hadi f/4, lakini ukivuta hadi 300 mwisho wake ni f/5.6. Nilikuwa naivuta lenzi gizani, na kadiri ninavyoivuta ndivyo inavyozidi kuninyima mwanga.

Piga hesabu uone. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara 4 ya ile ya f/5.6. Mwenzako mwenye f/2.8 akipiga kwa shata ya 1/200, yaani kamera ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde, na ISO 1600, ile namba ya wepesi wa kamera kuona gizani, wewe mwenye f/5.6 utashuka hadi 1/50, ama upandishe ISO hadi 6400 picha ijae chenga. Sasa mpige kwa 1/50 mtu anayeserebuka uone kama utapata mikono yake. Na hapo bado hatujagusa mtikisiko wa mkono wako mwenyewe. Kuna kanuni ya zamani kwamba shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja ukiigawanya kwa milimita unazotumia, na kwenye kamera zetu hizi za kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) unazidisha kwanza milimita kwa 1.5 kama ni Nikon, au 1.6 kama ni Canon. Kwa 300 hiyo ni karibu 1/500. Kwenye sendofu! Usiku!

Utaambiwa kuna lenzi zenye kituliza mtikisiko. Canon huandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC. Ni kitu kizuri na ukikipata kichukue, ila kinatuliza mkono wako tu. Sheikh aliyekaa anasoma khutba ya ndoa, utampata safi hata kwa shata ya polepole. Kwaya inayoruka kanisani haitulizwi na herufi hizo.

Kwa hiyo kama kazi yako ni harusi, sendofu, kicheni pati, ubatizo na mahafali, na kamera yako ni ya kihisi kidogo kama wengi wetu tunavyoanza, tafuta zumu fupi yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Tamron na Sigma walitoa 17-50, Canon walitoa 17-55. Kwa macho ya mtu mwingine haina cha kuvutia, kwa kuwa inaona karibu sawa na ile 18-55 iliyokuja na kamera yako. Ndugu watakuuliza hela imeenda wapi. Imeenda kwenye lile tundu.

Hapa wengi huteleza kwa namna ya pili, nami niliteleza pia: wanasikia wakubwa wanatumia 24-70, wanaikimbilia. Ni lenzi kubwa kwelikweli, lakini ilipangiwa kamera za fulu fremu, zile zenye kihisi kikubwa. Ukiifunga kwenye kihisi kidogo, ile 24 inaona kama 36 kwenye Nikon na kama 38 kwenye Canon. Nje kwenye bustani hutajali. Ndani ya sebule ya watu, ukoo mzima umepangwa kwenye makochi, mgongo wako umegusa ukuta na shangazi wawili bado wako nje ya fremu, utajali sana. Shangazi aliyekatwa kwenye picha hasamehi.

Usiniamini mimi, zihoji picha zako. Kila picha huandika ndani yake ilipigwa kwa milimita ngapi. Kwenye kompyuta fungua taarifa za faili utaziona. Chukua picha 200 ulizowahi kumkabidhi mteja, siyo zote ulizopiga, kisha hesabu. Nilipofanya hivyo, nyingi zilikuwa chini ya 50, na zile za 300 zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, karibu zote za mchana. Ningefanya kabla ya kununua ningeokoa hela ya kodi ya miezi kadhaa. Na ukiona zako zimerundikana kwenye 55, yaani unagonga mwisho wa lenzi kila mara, basi kweli unahitaji ndefu: 55-250 ya Canon au 55-200 ya Nikon kwa mwanga wa mchana, au 70-200 ya f/2.8 ukishaanza kulipwa vizuri. Hiyo ya mwisho inakaribia kilo moja na nusu. Ikodi siku moja kwa mwenzako kabla hujaota kuinunua, halafu uniambie mabega yanasemaje saa sita usiku.

Kuhusu lenzi kukubaliana na kamera, hapa watu wanapoteza hela kimya kimya. Kwa Canon, lenzi za EF-S zina alama ya mraba mweupe na haziingii kwenye fulu fremu kama 5D au 6D. Zile za EF zenye nukta nyekundu zinaingia kote. Kwa Nikon, kamera za jamii ya D3000 na D5000, mfano D3200 au D5300, hazina mota ya kufokasi ndani yake, hivyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D utazifokasi kwa mkono. Tafuta AF-S, zenye mota yao wenyewe. Na zile mpya za AF-P hazifokasi kabisa kwenye kamera kama D3100 na D90, hata kwa mkono. Muuzaji hatakwambia. Nenda na kamera yako, ifunge palepale.

Tena usinunue mtumba bila tochi. Siyo utani, tochi ya simu inatosha. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa yetu ya pwani ni shamba lake, hasa lenzi ikifungiwa ndani ya begi miezi miwili. Ukiiona, iache hata kama bei ni ya kutupa. Kisha zungusha pete ya zumu taratibu uone kama inakwama au inasaga mchanga. Inamishe lenzi uone kama inajirefusha yenyewe. Angalia vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa, maana hapo kuna mtu ameshaifungua. Mwisho piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, tundu likiwa wazi kabisa, kwenye zumu fupi na ndefu, ukuze picha uangalie pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Ukishainunua, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Uwe unavibadilisha.

Zile za 18-200 zinazodai kufanya kila kitu ni za msafiri asiyetaka kubadili lenzi njiani, na kwenye vumbi la mbugani ana haki. Ndege na simba ni biashara nyingine, huko watu wanaanzia milimita 400, na mwanga wanao.

Jambo moja zuri kwako: tangu Canon na Nikon walipoleta kamera za fulu fremu zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) mwaka 2018, wengi wanauza lenzi zao za DSLR, yaani za kamera zenye kioo hicho. Kwa adapta, nyingi zinafanya kazi hata kwenye hizo mpya.

Ile 70-300 sikuiuza. Jumapili saa tisa alasiri huwa niko nayo uwanjani vijana wa mtaani wakicheza, jua linawaka, ISO 200, shata 1/1000. Wiki iliyopita nimempata golikipa akiwa hewani, vidole vyote kumi vinahesabika.